Mipira ya Tyubu Korongoni

Mzigo ulianza kucheza walipofika katikati ya mlima wa Lyamba lya Mfipa. Evodia, aliyebanwa kwenye pikipiki kati ya dereva na magunia mawili ya mpunga, aliusikia mgongoni.

"Shemeji, simama! Mipira ya kufungia imelegea."

"Tulia, shemeji. Hapo juu nakaza," akajibu Vitus, mdogo wa mumewe, bila kupunguza mwendo.

Hapo juu hawakufika. Gunia moja lilichomoka, pikipiki ikayumba kwenye tope, na Evodia akajikuta chali barabarani. Kando yake lilikuwa gunia lililochomoka pamoja na mipira yake. Vitus, pikipiki na gunia la pili vilikuwa vimetumbukia korongoni.

Kosa lilianzia Ilemba, bondeni walikochukua mpunga. Vitus alifunga mzigo Jumatatu, akaivuta mipira ile iliyokatwa kwenye tyubu za matairi mpaka mwisho wake, kisha mvua ikawaweka huko siku tatu. Hakuufungua. Evodia, fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, alijua kwamba lastiki ya sketi ikikaa imevutwa siku nyingi hairudi tena. Aliona, akanyamaza ili asionekane mjuaji. Sasa ukimya ule ulimchoma roho.

"Vitus!"

"Nipo! Mguu mmoja umeteguka."

Alikuwa ameangukia ukingo mwembamba wa mwamba, kimo cha watu wawili chini ya barabara. Maji mekundu yalishuka kwa kishindo kutoka nyanda za juu za Ufipa, na pikipiki ilikuwa imeshasombwa.

"Maji yamefika wapi?"

"Yananigusa viatu. Fanya haraka, shemeji!"

Evodia aliinyoosha mipira mmoja mmoja. Ilikuwa sita. Miwili ilikuwa imekonda katikati na kufanya nyufa nyeupe, akaitupa. Minne iliyobaki aliiunga miwili miwili, akailaza sambamba ili isaidiane, akaizungusha kwenye mti wa kando ya barabara na kushusha ncha. Vitus akajifunga chini ya kwapa.

Akavuta kwa nguvu zake zote. Mipira ikarefuka.

"Unavuta nini, shemeji? Mimi sijasogea!"

Ni kweli. Nguvu zake zote ziliishia kwenye mpira. Evodia aliogopa. Angemwambia nini mumewe? Kisha akakumbuka anavyoshona kiuno cha sketi: lastiki huvutwa kwanza, ikashonwa ikiwa imevutika, na kukunjana inakunjana yenyewe.

"Nisikilize! Usining'inie. Mimi nauvuta mpira na kuukaza mtini. Nikisema panda, jisukume kwa mguu mzima, mpira utakubeba. Ukipata pa kushika, tulia nivute tena."

Akavuta mpaka mipira ikawa myembamba kama kamba za viatu, akaizungusha mtini mara mbili na kuikanyaga ncha.

"Panda!"

Vitus akajisukuma. Mpira ukajikunja na kumnyanyua shibiri mbili. Akashika mzizi. Evodia akavuta tena, akazungusha, akakanyaga. Shibiri nyingine. Viganja vilimchubuka, damu ikautelezesha mpira, akajifuta kwenye khanga na kuendelea. Alipotupa jicho chini, ukingo aliosimama Vitus mwanzoni ulikuwa umefunikwa na maji.

Karibu na juu, mpira mmoja ulianza kuchanika.

"Usiruke, Vitus! Polepole!"

"Polepole namna gani, na maji haya?"

"Hivyohivyo!"

Kwanza ulitokea mkono, kisha kichwa kilichojaa tope. Evodia akamshika ukosi wa koti, wakaangukia barabarani wote wawili. Vitus alikuwa akisema "asante" mfululizo, kijana ambaye hata chumvi mezani huomba kwa kuamuru.

Masanja, mfugaji aliyekuwa akiteremsha ng'ombe, aliwakuta hapo. Aliwapa maziwa, akawakabidhi ng'ombe kwa mwenzake na kumwegemeza Vitus begani mpaka kileleni, penye mtandao wa simu. Vitus akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Pikipiki imekwenda na maji. Na mpunga, gunia moja."

"Na Evodia?" mama akauliza.

"Yupo. Ndiye aliyenitoa."

"Basi. Njooni mle."

Evodia, aliyekuwa ameegemeza sikio karibu na simu, akalia hapohapo kwa raha, mbele ya Masanja, wala hakuona haya.