Majani ya Chini ya Kitanda

Sokoni, kati ya muuza ndoo na muuza betri, mpimaji wa maabara alikanyaga kikapu cha muuza dawa za miti shamba. Yeye mwanamume wa shati jeupe, kola imenyooka. Muuzaji mwanamke wa gauni la kijani, vumbi la majani hadi viwikoni. Mpimaji alipiga chafya, akanunua majani aliyoyakanyaga. Kesho yake akanunua yasiyokanyagwa. Wiki ya tatu akawa anakuja bila kununua chochote, na simu zao zinaisha chaji wakipigiana na kuchekeshana.

Kazi ya mpimaji ilikuwa kupima kama mmea unaukinga mwili na zile kemikali zinazouchakaza kama kutu inavyokula bati. Maji ya majani humiminwa kwenye dawa ya zambarau. Yakiwa na nguvu, dawa hugeuka njano. Majani ya mwanamke huyu, aliyofunzwa na shangazi yake, yaliigeuza upesi.

Furushi la nne likagoma: dawa ikabaki zambarau. Mkuu wa maabara akasema watu wa sokoni huchanganya majani. Neno hilo likamkaa mpimaji rohoni. Akaanza kuuliza kwa kuzunguka: unachuma wapi, na nani? Mwanamke naye akaingiwa na lake: huyu anaitaka siri ya shangazi, akiipata simwoni tena. Akaacha kupokea simu.

Siku ya tano, maneno ya mkuu yakiwa yamemfikia sokoni, mwanamke akatokea maabara, furushi jingine kwapani.

“Umesema nachanganya?”

“Sijasema, mpenzi.”

“Umeniuliza kama polisi. Ni yale yale.”

Mpimaji akamwonyesha kichupa, bado zambarau. Mwanamke akakitazama, kisha akainamisha uso, akaeleza. Shangazi huanika chini ya kitanda, gizani, siku tisa. Furushi lile yeye alilianika juu ya bati, juani.

“Ulipiga chafya kwa vumbi letu. Nikataka nikuletee majani safi.”

Mpimaji akalifungua furushi jipya, la chini ya kitanda, akaliandaa, akamimina. Njano ikaja kabla hajavuta kiti. Akaomba radhi. Halafu akauliza, akija kuposa, shangazi atamfukuza?

“Fungua daftari lako la vipimo kwanza.”

Palikuwa pameandikwa: sampuli ya kumi na nne. Mpimaji akakata, akaandika: majani ya Shangazi, yamekaushwa kivulini kwa maarifa yake.

Mwanamke akasoma mara mbili, akitafuta ujanja. Hakuuona.

“Njoo Jumamosi,” akasema. “Na hilo shati jeupe uliache kwako.”