Vidonge vya Lupe

Kijiko kilikuwa kikigonga ukingo wa sufuria ya kakao, taratibu, kabla ya jogoo kuwika. Muuguzi Masina alikoroga, akafunika, akaingia chumba cha dawa. Kabati lilikuwa limevunjwa.

Inspekta Pelenato alifika na kivuko cha asubuhi. Masina alimpa kwanza kikombe cha kakao, maelezo baadaye.

"Kimeibwa nini?"

"Chupa ya dawa ya kutuliza kikohozi. Na vidonge vya homoni."

"Vya nani?"

"Vya zahanati. Lakini kijiji kizima kinaviita vidonge vya Lupe."

Lupe alizaliwa mvulana, akakua na kuishi kama binti. Fa'afafine, kama wengine wengi wa Samoa. Ndiye aliyemwogesha bibi yake kipofu kila siku. Sasa baraza la matai, wazee wa kijiji, lingemhukumu adhuhuri, na adhabu ya wizi wa saa ya sala ni kufukuzwa kijijini.

"Una hakika ni saa ya sala?"

"Jana jioni kengele ilipolia nilikwenda kusali. Niliporudi nililala mlangoni pa chumba hiki, kama siku zote."

Wakati wa sala hakuna anayetembea. Vijana wa ulinzi husimama barabarani. Pelenato akawahoji.

"Nani alivuka?"

"Hata kuku, afande."

"Lupe anakaa ng'ambo ya barabara?"

"Ng'ambo. Angepita tungejua. Huyo hata kimya chake kina kelele!"

Lupe alikuwa akianika shuka za bibi yake.

"Vyangu nilipewa juzi, Inspekta. Niibe vingine nimpe nguruwe?"

"Na dawa ya kikohozi?"

"Sikohoi. Mimi nikikohoa, kwaya itaimba na nani?"

Pelenato akazunguka zahanati. Nyuma palikuwa na uzio mmoja tu, wa nyumba ya mchungaji. Kando yake, kati ya magimbi, aliiona chupa. Haikuwa imefunguliwa.

Akarudi kwa Masina.

"Mgonjwa mmoja atahitaji dawa hizi zote mbili?"

"Si kwa shida moja. Hii hutuliza kikohozi kikavu, basi. Vile vidonge huujazia mwili homoni zilizopungua."

"Mwili wa Lupe tu?"

"Hata wa mwanamke aliyekoma hedhi, anayewaka joto usiku."

Fuatino, mke wa mchungaji, alimfungulia mlango. Mvua ilikuwa imeanza na kuleta baridi, lakini gauni lake lilikuwa limelowa jasho.

"Mama, chupa uliichukulia nini?"

Akakaa chini.

"Ili mseme ni mtu wa kikohozi."

"Na vidonge?"

"Mwaka mzima nawaka, mwanangu. Mkeka unalowa, silali. Ningemwambiaje Masina? Mke wa mchungaji, nipe vidonge vya Lupe?"

"Lupe angefukuzwa."

"Najua. Nilimwombea tangu alfajiri."

"Kuomba hakukutosha, mama."

"Hakukutosha."

Alikwenda mwenyewe mbele ya baraza, akasema yote. Kwa kuwa alikiri mwenyewe, wazee hawakumfukuza; wakamtoza nguruwe na mikeka. Pelenato akachukua maelezo yake, akavirudisha vidonge. Masina akampima Fuatino shinikizo la damu, akamwandikia dawa kwa jina lake mwenyewe.

Jioni Lupe alivuka barabara hadi kwa Fuatino na kitambaa kibichi. Hakumkaripia. Alikaa naye sakafuni, akampepea.

"Meza kama ulivyoambiwa, mama. Si peremende hizo. Na joto halitaisha leo."

Fuatino hakuweza kumtazama. Lupe alipoinuka, Fuatino alimshika upindo wa lavalava, shuka lake la kiunoni.

"Kesho utakuja tena?"