Tundu Kwenye Paa la Morris

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumamosi, Hamdi alifunua magunia yaliyolifunika gari la babu yake, akaona tundu. Lilikuwa kwenye paa la turubai, juu ya kiti cha nyuma, na ngumi ingepita ndani yake.

Hamdi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi kabla ya chai alipangusa vumbi la Isiolo kwenye Morris hiyo, kisha akalipaka paa nta ya nyuki lisikauke. Babu yake, Mzee Elmi, aliinunua mwaka wa 1974, na paa lake bado lilikunjika kama mwavuli. Alikuwa ameahidi kwamba Hamdi akiitunza mwaka mzima bila dosari, ufunguo utakaa kwake. Zilibaki wiki mbili.

"Ni Raho," Hamdi alisema.

Jana tu, Raho wa jirani alipita na baiskeli akicheka. "We Hamdi! Hilo banda la kuku litataga lini? Siku moja nitalipasua nihesabu mayai!"

Dawa ya moto ni moto. Hamdi alichukua shazia, sindano ndefu ya kushonea magunia, akavuka njia. Raho alikuwa bado duksi, akisoma Kurani. Baiskeli yake iliegemea ukuta wa nyumba yao. Hamdi alitoboa gurudumu la mbele mara tatu, la nyuma mara tatu. Alisikiliza upepo ukitoka mpaka ukaisha, akaona raha.

Saa nne Raho alipita akisukuma baiskeli iliyobeba madumu mawili ya maziwa ya ngamia, kuelekea kibanda cha mama yake sokoni. Jua lilikuwa kali. Hamdi alisimama langoni.

"Vipi, mayai umeyahesabu?"

Raho aliendelea kusukuma. Alifika sokoni saa tano na nusu, maziwa yameanza kuchacha. Wateja waliotaka maziwa mabichi walikuwa wameshanunua kwingine.

Baada ya sala ya adhuhuri, Hamdi alimwonyesha babu yake tundu. "Raho amelikata kwa kisu, Babu."

Mzee Elmi alivaa miwani, akainama. Alipapasa ukingo wa tundu kwa kidole.

"Kisu huacha ukingo mnyoofu," alisema. "Hapa pana alama ndogo, mbilimbili. Meno. Tazama kitini."

Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na mavi ya panya.

"Panya hawajawahi kuligusa paa hili. Wiki iliyopita ulipaka nini?"

Hamdi alitazama chini. "Nta iliisha. Sikutaka kwenda dukani. Nilipaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale Bibi anayolainishia kamba za ngozi."

"Na mimi ukaniambia umepaka nta."

"Ndiyo, Babu."

"Kamba za bibi yako huning'inia juu ya moshi, panya hawazifikii. Wewe umewaandalia karamu." Alivua miwani. "Na baiskeli ya Raho? Mama yake ameona matundu, akapita hapa akiuliza nani ana shazia."

Hamdi alilia, lakini alisema yote.

"Gari hili limeharibika mara nyingi kuliko umri wako," Mzee Elmi alisema. "Lingali zima kwa sababu kila lilipoharibika nilitafuta kilichoharibu, si mtu wa kulipiziwa kisasi. Wewe ulidanganya kwanza, ukahukumu pili, ukachunguza mwisho. Ufunguo utasubiri mwaka mwingine. Sasa nenda kwa kina Raho."

Hamdi alikiri mbele ya Raho na mama yake.

"Nisamehe," alimaliza.

"Nitakusamehe," Raho alisema, "lakini si leo. Utaziba matundu yote sita. Halafu wiki nzima maziwa utabeba wewe. Kwa miguu."

Mama yake hakumpinga.

Jioni hiyo Hamdi aliziba matundu sita. Jumapili alishona kiraka kwenye paa, na Babu akalisugua kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta ikatoka.

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, Hamdi alianza safari saa kumi na mbili na nusu, dumu kila mkono. Raho alimfuata polepole juu ya baiskeli tupu, akipiga kengele.

"Songa, mama wa panya! Maziwa yanachacha!"

Hamdi aliuma meno, akaongeza mwendo.

Saa moja na dakika kumi mama yake Raho alifungua dumu la kwanza, akaonja. Yalikuwa mabichi.