Moshi Mweupe wa Landrova ya Zahanati

Marehemu alikuwa Landrova. Alilala mbele ya zahanati ya shamba la ngano, upande wa Basotu, boneti wazi, na watu wamemzunguka kimya kama wako msibani.

Inspekta Urban alifika kutoka Katesh saa tatu asubuhi, mgongo ukimuuma kwa mashimo ya barabara. Alikuwa mtu wa Songea. Mwaka wa tatu huu yuko Hanang, na bado hajaizoea baridi yake.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Gari, afande," alijibu Meneja Thadei. "Limehujumiwa. Na mhujumu tunaye."

Ulikuwa mwaka 1983, na neno mhujumu halikuwa la mchezo. Mtu aliitwa hivyo asubuhi, mchana yuko mahabusu. Aliyeitwa hivyo leo ni Felician, dereva wa zahanati. Alikaa juu ya gunia, mikono imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mfungueni," alisema Inspekta. "Atatorokea wapi? Pande zote ni ngano tu."

Fundi Alfredi akapiga stata. Landrova ikakohoa, ikatoa moshi mweupe mzito uliofunika mlango wa zahanati, ikatetemeka, ikazima.

"Moshi mweupe hivi ni maji, afande," alisema Alfredi. "Nilidhani gasketi ya silinda hedi imeungua, maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Lakini rejeta imejaa, haijapungua hata tone. Na oili hii hapa." Akachomoa kijiti cha kupimia. "Nyeusi, safi. Ingeingia maji ingekuwa kama uji. Basi yamepitia kwenye dizeli."

"Nionyeshe."

Alfredi alifungua kikombe cha chini ya chujio la dizeli, akamimina kwenye chupa. Dizeli ikapanda juu. Chini kikabaki kitu cheupe.

"Unaona?" alifoka Meneja. "Na gari hili halishikwi na mtu mwingine!"

Inspekta alivuta kigoda, akakaa mbele ya dereva.

"Moshi ulianza lini?"

"Jana asubuhi, afande."

"Na juzi?"

"Juzi lilikuwa zima. Nilimfuata Perpetua huko Dirma, ameshikwa na uchungu. Tukakwama kwenye tope. Akajifungua humo humo ndani ya gari. Mama mkwe wake ndiye aliyempokea mtoto."

"Nani aliweka maji kwenye tanki?"

Felician alisugua alama za kamba mikononi. Kisha akasema, "Mimi. Andika ni mimi."

"Uliyatoa wapi?"

"Bombani."

"Kwa nini?"

"Hasira tu."

Inspekta aliweka kalamu chini. Katika miaka kumi na minane ya kazi alishawaona wanaokana mpaka wanaapa. Anayekiri mbio mbio namna hii, huyo ana mtu anayemficha.

Alilizunguka gari polepole. Ubavuni, chini ya mdomo wa tanki, nzi walikuwa wamejazana. Akawafukuza. Wakarudi.

"Nzi hawapendi dizeli," alisema. "Nesi! Njoo hapa, tafadhali."

Nesi Verediana, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, aliinama. Palikuwa na michirizi myeupe iliyokauka, yenye chembe nyeusi nyeusi.

"Maziwa haya, afande. Na hizi chembe ni masizi. Wafugaji wa huku husafisha kibuyu kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa."

"Nani alikuja hapa na kibuyu?"

Verediana alitazama mlango wa wodi. Felician aliruka kutoka juu ya gunia.

"Afande, si nimeshakiri? Unauliza nini tena?"

Inspekta aliingia wodini. Perpetua alikuwa amelala. Kando yake alikaa mama mkwe wake, Bibi Udagwenga, mtoto mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, lile gari limekunywa maziwa."

"Eee!" Uso ulimchangamka. "Nililinywesha mimi, juzi jioni. Likamaliza yote. Lilikuwa na njaa, maskini."

"Kwa nini, Bibi?"

Alimshangaa mtu mzima anayeuliza jambo kama hilo. "Si lilizaa? Mtoto ametoka tumboni mwake. Lilihangaika kwenye tope, likalia, likalia. Aliyezaa hupewa maziwa. Nilimwona Felician akilinywesha ubavuni, nikajua mdomo uko hapo."

Perpetua alikuwa ameamka. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Bibi, gari limeugua," alisema Inspekta taratibu. "Felician anasema ni yeye."

Furaha ilimtoka bibi yule. Alimlaza mtoto kwa mama yake, akanyoosha mikono yote miwili. "Basi nifunge mimi, baba. Yule usimguse."

Inspekta alitoka nje haraka. Alihitaji kupenga kamasi.

"Ulijua," alimwambia Felician.

"Jana, nilipoona masizi. Gari lilikuwa limeshazima na Meneja ameshaanza kupiga kelele za hujuma." Aligeukia mlango wa wodi. "Mama yangu nilimzika nikiwa darasa la pili, afande. Kule kwenye tope, Bibi alinipangusa uso kwa shuka lake, akaniita mwanangu. Ningemtajaje?"

Meneja Thadei alikohoa, akatazama viatu vyake.

Alfredi alimwaga tanki lote, akalisuuza kwa dizeli safi, akabadilisha chujio, akatoa upepo kwenye mabomba. Akapiga stata. Moshi ukatoka mweupe, ukapungua, ukaisha. Landrova ikanguruma, na watu wakapiga vigelegele.

Inspekta aliandika ripoti juu ya boneti: *Hakuna jinai. Chanzo ni shukrani.*

Bibi Udagwenga alitoka na kibuyu kingine. Alfredi akaruka, akaziba mdomo wa tanki kwa viganja. "Hapana, Bibi! Hapana!"

"Sasa nimpe nani?" aliuliza bibi.

"Bibi," alisema Inspekta, "gari halikujiendesha."

Bibi alimtazama Felician, akapiga goti moja, akampa kibuyu. Felician alikipokea kwa mikono miwili, alama za kamba bado nyekundu, machozi yakimtiririka mbele za watu.

"Kunywa, mwanangu," alisema Bibi. "Maliza."

Akamaliza.