Jasho la Mama Pasi

Mama Pasi alifanya kazi ya kunyoosha nguo za watu. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu, pasi mbili na dirisha moja. Dirisha lenyewe alilifunga ili vumbi lisiingie. Mumewe alikuwa fundi cherehani katika chumba cha pili. Watu walimwita Baba Pasi, ingawa pasi hakuwahi kuishika.

Siku moja tone la jasho liliangukia shati jeupe la mteja. Mteja alinuna, akaondoka bila kuaga. Mama Pasi aliona aibu sana. Tangu hapo akaacha kunywa maji akiwa kazini.

"Nisipokunywa, sitatoka jasho," alimwambia mumewe.

"Una akili wewe," mumewe akamsifu.

Siku ya tatu jasho lilipungua kweli. Lakini kichwa kilimgonga, na mkojo ukawa mchache, umeiva kama chai ya rangi. Mchana macho yakaingia kiza. Aliishika meza asianguke, pasi ikabaki imelala juu ya sare ya muuguzi, jirani yao. Moshi ukaanza kufuka.

Bahati nzuri, muuguzi alikuwa anaingia kuchukua sare zake. Alichomoa pasi, akamtoa Mama Pasi nje, kivulini, akamlegeza nguo na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji. Baba Pasi akampepea kwa kipande cha boksi.

"Kunywa kidogo kidogo," muuguzi alisema. "Leo umekunywa maji mara ngapi?"

"Sijanywa, dada. Nazuia jasho."

"Mwili unajiongoza wenyewe, Mama Pasi. Ukipata joto, unatoa jasho. Jasho likikauka kwenye ngozi, linaondoka na joto. Maji yakipungua, mwili unayabana. Mkojo unapungua, jasho nalo linapungua, joto linabaki ndani."

"Na ile kiu?"

"Hapo mwili unaomba. Wewe ukajifanya husikii. Ungezirai au ungeongea ovyo, tungekukimbiza hospitali. Joto hilo linaua."

Baba Pasi akaacha kupepea. Aliogopa hasa. "Na mimi nilimsifu," alisema.

"Pepea, shemeji," muuguzi akamwambia.

Siku hizi dirisha liko wazi, lina pazia jepesi la kuzuia vumbi. Jagi la maji liko mezani, na Mama Pasi anakunywa kabla kiu haijamshika. Kwenye paji la uso anafunga kitambaa alichoshonewa na mumewe.

Juzi yule mteja alirudi. Akamwona anajipangusa shingo.

"Leo unatoka jasho sana."

"Natoka," alisema Mama Pasi, akamkabidhi shati lake, kavu na limenyooka. "Siku ukiona sitoki, mwite muuguzi."