Vipande Vinne vya Moyo

Jumamosi, tarehe 28 Machi, saa tano na dakika arobaini asubuhi, mtafiti Gwiza alifungua friza kuu ya maabara yao, mtaani Muhima, na hewa ya uvuguvugu ikampiga usoni. Vipande ishirini vya misuli ya moyo, vilivyotolewa kwa akina mama waliougua moyo baada ya kujifungua, vilikuwa vimeyeyuka. Waya wa friza ulilala sakafuni. Kwenye tundu lake la umeme palikuwa pamechomekwa birika la umeme la Viateur, mlinzi wa getini.

Mpelelezi Mugeni alifika saa sita na nusu, viatu vyake vikiwa bado na udongo wa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Dokta Rwema, mkuu wa maabara, alimpokea na jibu mkononi.

"Kuanzia saa mbili hadi saa tano sote tulikuwa umuganda. Aliyebaki hapa ni huyu peke yake. Ametaka chai, ameua kazi ya miaka mitatu. Mchukue, Afande."

Viateur, mzee aliyekulia Bujumbura, alivua kofia. "Oya, hapana, Afande. Birika ni langu. Lakini natumia kule kibandani. Huku juu sijapanda."

"Kwa hiyo limepanda lenyewe?" Rwema alicheka.

Askari aliyekuja na Mugeni alimshika mzee mkono. Gwiza, aliyemaliza chuo mwaka jana tu, alijua mzee akitoka na pingu leo, hata akiachiwa kesho hakuna atakayempa tena kazi ya ulinzi. Akasimama katikati ya mlango.

"Hapiti mtu hapa."

"Gwiza, unajua unaongea mbele ya nani?"

"Najua, Dokta. Afande, tazama mirija hii yenye vipande. Ni maji matupu. Friza hii hukaa nyuzi themanini chini ya sifuri. Ukiichomoa, mlango ukiwa umefungwa, vitu vya ndani huchukua zaidi ya siku nzima kuyeyuka hivi. Masaa matatu ya umuganda hayatoshi. Na betri ya king'ora chake imetolewa."

Mugeni aligusa mrija mmoja, akaandika. "Kwa hiyo ilichomolewa lini?"

"Alhamisi jioni. Au Ijumaa alfajiri, si baada ya hapo."

"Mzee, Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Rusizi, kumzika dada yangu. Nimeshuka stendi ya Nyabugogo jana saa moja jioni." Alitoa tiketi ya basi iliyokunjwa mara nne. Mugeni alipiga simu kwa wenye basi, akasikiliza, akamwashiria askari aachie mkono.

"Basi ni Kenny," Rwema alisema haraka. "Nilimkatalia ripoti yake mwezi uliopita."

Kenny, mtafiti mwenzake Gwiza, aliyelelewa Kampala, aliruka kutoka kitini. "Mimi? Dokta, wacha hizo! Alhamisi saa kumi ulitutoa sote humu. Ukasema Ijumaa sakafu inapigwa rangi. Funguo ulibaki nazo wewe."

Mugeni alitazama sakafu. Mikwaruzo ya zamani ilikuwa palepale.

"Mafundi hawakuja," Rwema alisema. "Halafu niambie, Afande, kwa nini mtu aharibu kazi yake mwenyewe?"

Gwiza alikuwa na jibu. Aliwasha kompyuta.

"Afande, kitenge kikikunjwa sandukuni, maua ya ndani huyaoni. Jeni zetu ni hivyo. Uzi wa jeni umekunjwa juu ya protini, na ndani ya seli kuna mikono midogo inayokunja hapa na kukunjua pale. Palipokunjuliwa panasomeka, palipokunjwa pananyamaza. Moyo ukiugua, mikono hiyo hukunjua pasipotakiwa. Ndicho tunachokitafuta kwa hawa mama."

"Endelea."

"Vipande hivi vilisomwa mapema mwezi huu, kabla havijayeyuka. Vinne, vyote vya tarehe 14 Februari, vya mama wanne tofauti, vimekunjuliwa mahali pamoja: kwenye jeni za dharura. Seli hai hufungua jeni hizo ikikosa damu. Kipande kikigandishwa papo hapo hakipati muda huo. Hivi vilipata masaa. Alivibeba Dokta kutoka chumba cha upasuaji. Alhamisi mchana nilimwambia havifai."

"Nilivileta moja kwa moja hapa!"

"Tarehe 14?" Kenny alikuwa tayari ameshika simu. "Si ile siku ya posa, gusaba ya kule Kabeza? Dokta alikuwa msemaji wa upande wa kijana. Video iko WhatsApp. Aliongea masaa matatu, gari lake likiwa juani, mpaka soda zikapata joto."

"Mirija ilikuwa wapi?" Mugeni aliuliza.

"Gwiza," Rwema alisema polepole, "Jumatatu hutakuwa na kazi hapa."

"Nifukuze. Ila kwenye barua andika sababu. Umetangaza kwamba jeni zile ndizo alama ya ugonjwa. Mwezi ujao akina mama wangepewa dawa ya kuzifunga. Dawa ya kutibu joto la gari lako!"

Rwema alikaa. Sauti yake ilishuka. "Ilikuwa kwenye buti, si ndani ya gari. Barafu iliisha. Singeweza kuondoka katikati ya maneno, familia mbili zinanitazama. Matokeo yalipotoka yalipendeza mno. Halafu wakaguzi wakasema Jumatatu watavisoma upya."

"Na birika?"

"Ni mlinzi. Nilidhani haitakuwa kesi kubwa."

"Kwangu ni kubwa," Viateur alisema.

Saa nane na robo gari la polisi lilifika getini likiwa na Rwema kiti cha nyuma. Mugeni alikuwa amemwambia mzee aende nyumbani akapumzike. Mzee alikataa, zamu yake ilikuwa bado haijaisha. Aliinua mkono, gari likasimama. Kwa miaka minne Dokta alikuwa akimpita hapo bila kushusha kioo.

"Kila gari linalotoka nalikagua," alisema. "Fungua buti."

Dereva alimtazama Mugeni. Mugeni alishuka, akalifungua mwenyewe.