Karatasi za Mchungaji Asahel

Jua lilikuwa linazama katika mbuga za Nebraska Mehitabel alipokwenda kanisani kuchukua sanduku la karatasi za marehemu mumewe, Mchungaji Asahel. Shemeji yake, Enos, angekuja asubuhi na gari la ng'ombe kuzipeleka chuoni, mashariki.

Mehitabel alikuwa hoi. Alimuuguza mume majira yote ya baridi, akamzika ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Hata kulia kulikuwa kumemchosha.

Alipiga magoti, akafungua sanduku. Mahubiri. Shajara. Maombi ya mazishi, yamefungwa kwa kamba.

Harufu ya udongo mbichi ikamfikia...

"Mama Mchungaji."

Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mwanamke, kofia ya safari imemfunika uso. Mlango haukuwa umelia.

"Mchungaji hayupo tena, dada," Mehitabel alisema bila kuinuka.

"Tunajua. Tumemwona akipita."

Mehitabel aliinuka.

"Unataka nini?"

"Nisomee maombi ya mazishi. Mwaka wa kipindupindu wasafiri wenzangu walinifukia njiani, wakapitisha magari ya ng'ombe juu ya kaburi langu ili mbwamwitu wasininuse. Mumeo aliahidi kurudi kuniombea. Akaugua."

Mehitabel alitaka kukimbia. Badala yake akafungua kamba ya maombi. Akawasha mshumaa.

"Jina lako?"

"Lovina Tuttle."

Akasoma. Alipofika mahali pa jina la marehemu, alitaja la Lovina. Aliposema "Amina," yule mwanamke alishusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

Benchi likawa tupu. Tope tu.

Mehitabel alifunika sanduku.

Mtu akakohoa.

Benchi la mbele... Mwingine, karibu na dirisha...

Aliinua mshumaa.

Kanisa lilikuwa limejaa.

Asubuhi Enos alimkuta ameketi chini ya mimbari, macho mekundu, sauti imekauka. Sakafu nzima ilikuwa tope, ukuta hadi ukuta.

"Loo! Shemeji, umelala humu? Na nani kachafua hivi?" Enos aliinama kushika sanduku. "Haya, nipishe. Safari ni ndefu."

Mehitabel alilikumbatia kwa mikono miwili.

"Haliendi popote."

"Wee, si tulikubaliana?"

"Jana walikuja watu wazima, Enos," alinong'ona, akiegemeza kichwa juu ya sanduku na kufumba macho. "Niache nilale kidogo. Jioni wanakuja watoto."